Bibi kaniuliza nimeona nini kichwani mwake, nikamjibu "uko sawa". Nimekosea?

MkorogweMoshi:

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Nina miezi minne tangu nianze kazi ya mtafiti msaidizi kwenye maabara ya sayansi ya ubongo, chuo kimoja hapa Moshi. Chuo sikitaji, na msinichimbe. Nilisomea maabara, nikazoea damu na mkojo, vitu ambavyo ukishavitia kwenye kichupa havikuulizi swali. Sasa nashika vichwa vya watu, na vichwa vinauliza.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: tunarekodi mawimbi ya ubongo, ile mashine ya EEG, kwa watu wenye kifafa. Wengi ni watoto, ila kuna kundi la wazee walioanza kuanguka baada ya kiharusi. Siku tatu za wiki tuko vijijini Hai, mbili zilizobaki ni kuosha elektrodi, kuingiza takwimu na kutafuta fomu ambayo mtu kasahau kuisaini. Kichwa kinapimwa kwa futi, ile ile ya fundi cherehani. Kutoka mzizi wa pua hadi kifundo cha kisogoni, tuseme umepata sentimita 36: alama ya kwanza inakaa sentimita 3.6 kutoka mwanzo, zinazofuata kila baada ya 7.2. Halafu sikio hadi sikio, halafu mzunguko. Elektrodi 19 kichwani na mbili masikioni. Ukikosea sentimita mbili, daktari anayesoma atalitafuta tatizo nyumba ya jirani.

Sasa kisa. Jumanne iliyopita tulikuwa Masama, kwenye zahanati. Nilizima taa na kung'oa chaja zote ukutani, maana umeme wa Tanesco unaingia kwenye rekodi kama mistari minene ya hezi 50. Friji ya chanjo haikuzimika, hiyo haiguswi, kwa hiyo tukahamia chumba cha mwisho. Akaja bibi wa miaka 74. Amesuka twende kilioni za kukaza haswa, ikabidi nifumue mistari miwili huku akinitazama kama namharibia sikukuu.

Tukarekodi dakika 30. Nilipomwambia afumbe macho, yale mawimbi ya kisogoni, nane hadi kumi na tatu kwa sekunde, yakajitokeza vizuri kama kwenye kitabu. Lakini kwenye panja la kushoto nikawa naona vitu vyenye ncha, vinakuja na kuondoka. Mimi si msomaji. Anayesoma ni daktari wa neva, na faili humfikia baada ya wiki moja au mbili.

Nikiwa namfuta jeli, akauliza, "Mwanangu, umeona nini humo?"

Nikasema, "Hamna kitu bibi, uko sawa."

Akanibariki, akamtuma mjukuu wake akaniletea chana ya ndizi mshare. Nimeipika, nimeila, na usingizi sipati. Nilijua sijui, nikasema najua. Msimamizi wangu anatuambia tujibu "majibu yatatoka", basi. Ila ukisema "majibu yatatoka" kwa watu arobaini, wa arobaini na moja unajiona tapeli.

Ningejibu nini? Na je, nirudi nikamwambie, au ndiyo nitamtisha zaidi?

(Pembeni kidogo: kuna mzee aliniuliza kama mashine inasoma anayowaza kuhusu kihamba, shamba la ukoo, anachogombania na mdogo wake. Nilicheka. Yeye hakucheka.)

---

Kibarua_Msomi:

Mkuu unajitesa bure. Mkataba wako ni wa miezi mingapi, sita? Jina lako kwenye makala halitakuwepo, posho ya uwandani inachelewa, halafu unabeba na usingizi wa bibi wa watu? Sema "majibu yatatoka", panda gari, nenda zako. Mimi nimefanya tafiti za malaria, za maji na za kuku. Kuku ndio hawana maswali.

---

Daftari_la_Uwandani:

Mdogo wangu wa Korogwe, marahaba.

Huyo hapo juu anachekesha, na kwa habari ya posho hajakosea. Lakini nitakujibu kwa kirefu, maana nimezeekea kwenye fomu za utafiti wilaya hiyo hiyo.

Kwanza ujue unatembea juu ya nyayo za nani. Hai si ngeni kwa watafiti wa ubongo. Watu walipita huko wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wakapata 33, na wengi wao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Jirani anasema kazeeka, mwingine anasema karogwa, yeye anatetemeka tu na kikombe chake. Mwaka 2009 na 2010 wakaja wengine kupima kumbukumbu za wazee wa miaka 70 na kuendelea, ikaonekana kama asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kipimo kifupi cha IDEA kinachomfaa hata mzee asiyejua kusoma kilitoka huko huko Hai: unamwomba ataje wanyama kwa dakika moja, akumbuke orodha ya maneno, apange njiti za kiberiti kama ulivyompangia. Kalamu haihitajiki. Sasa fikiria hao wazee wote. Kila mmoja, alipomaliza kupanga njiti, alimtazama usoni mtu kama wewe akauliza, "Nimefaulu?"

Swali la bibi yako basi ni la zamani, na halina mkato wa "majibu yatatoka".

Kosa lako silioni kwenye kutojua. Liko kwenye neno "sawa". Wewe ulimaanisha "mimi sijaona cha kutisha". Bibi amesikia "umepona". Umevaa koti jeupe, una mashine yenye nyaya ishirini na moja, umetoka chuoni. Ukisema sawa wewe, nani mwingine Masama atasema si sawa? Mimi koti jeupe niliacha kuvaa vijijini zamani. Navaa shati, na maswali yakabadilika kabisa. Wakaanza kuniuliza mshahara.

Halafu hiyo mashine yenyewe haina mamlaka uliyoipa. Mtu anaweza kuwa na kifafa cha kweli kabisa na rekodi ya dakika 30 isinase kitu, kwa sababu ubongo haukuleta fujo dakika hizo. Na mwingine akawa na mawimbi yenye ncha na hajaanguka maisha yake yote. Hivyo hata daktari wa neva, akisoma rekodi safi, hasemi "huna kifafa". Anasema rekodi hii haikuonyesha. Anapima pamoja na historia: ulianguka lini, ulianza na mkono upi, ulijikojolea, uliamka umechoka? Sasa wewe ukamwambia bibi jambo ambalo hata daktari hathubutu.

Hizo ncha za panja la kushoto usizikimbilie. Bibi wa miaka 74, meno machache, anatafunatafuna taya bila kujua. Msuli wa taya uko hapo hapo chini ya elektrodi ya panja. Elektrodi ikikauka nayo inaruka. Ulimwambia alegeze taya, afungue mdomo kidogo? Uliandika kwenye daftari saa na dakika ulipoziona? Kama hukuandika, siku nyingine andika. Hiyo ndiyo kazi yako hasa, maana daktari anaona mistari tu, mdomo wa bibi uliuona wewe.

Sasa namna ya kujibu. Mimi nasema mapema, kabla sijapaka jeli, maana ukingoja aulize umeshachelewa. Namwambia: "Bibi, mashine hii haikutii umeme, inasikiliza tu. Umeme wa kichwani mwako ni mdogo mno, ukichukua betri moja ya tochi ukaigawa mara elfu thelathini, ndipo unaupata. Mimi ni wa kufunga waya. Kusoma sijasomea. Atakayesoma ni daktari fulani, na habari utaipata kwa tabibu wa hapa hapa zahanati, kabla ya tarehe fulani. Mpaka hapo, dawa zako meza kama ulivyoambiwa." Halafu namuuliza: "Ukifika nyumbani, mkamwana akikuuliza nimesema nini, utamwambiaje?" Aniambie kwa maneno yake. Hapo ndipo utagundua umeeleweka kinyume. Mmoja aliniambia, "Nitasema nimechajiwa."

Hiyo "tarehe fulani" na "daktari fulani" usizitunge. Fungua itifaki ya mradi, sehemu inayosema matokeo yanarudishwaje kwa mshiriki. Kamati ya maadili haipitishi mradi bila kuuliza hilo. Ukiikuta, mwonyeshe msimamizi wako na uombe jina na tarehe. Usiikute, ndiyo sababu zaidi ya kuuliza. Na ile aya ya fomu ya ridhaa inayosema utafiti huu hauna faida ya moja kwa moja kwa mshiriki, unaisoma mbio, eh? Wote tunaisoma mbio.

Kurudi, rudi. Usiende peke yako kama polisi. Mwambie msimamizi, nenda na mhudumu wa afya wa jamii wa kitongoji kile, ambaye pia atakusaidia bibi akihamia Kimachame katikati ya sentensi.

Kuhusu mzee wa kihamba: usimcheke. Hans Berger, Mjerumani aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, alianzia kwenye swali hilo hilo. Akiwa askari kijana alianguka na farasi akaponea chupuchupu, na siku hiyo hiyo dada yake, akiwa mbali, akaingiwa na hofu, akamsihi baba yao apeleke simu ya maandishi kuulizia hali ya kaka. Berger akaamini mawazo yamesafiri. Akatafuta nguvu hiyo miaka na miaka, akaambulia mistari hii unayoirekodi wewe. Mawazo hakuyaona hata moja. Mwambie mzee kihamba chake kiko salama.

---

Salima_Suka:

Mimi ni msusi, Majengo. Ubongo siujui ila naomba kuuliza, kwa nini mnafumua watu? Twende kilioni ya kukaza inachukua saa mbili kusuka na wewe unaifumua dakika tano. Nitumie mchoro wa hivyo vidoti 19. Mistari ya kichwa ni mimi naipanga, naweza kuipitisha ngozi iwe wazi pale pale mnapotaka. Na wakija waambieni waoshe na sabuni jana yake, wasipake mafuta. Bibi zetu wanapaka mafuta mpaka yanachuruzika, hiyo jeli yenu itashika wapi?

---

Daftari_la_Uwandani:

Dada Salima, umewaza walichowaza Marekani. Kuna binti anaitwa Arnelle Etienne, akiwa Carnegie Mellon kule Pittsburgh aligundua kuwa elektrodi za kawaida zinashindwa na nywele za kipilipili, naye na wenzake wakasuka mistari inayoacha wazi sehemu za vipimo, kisha wakatengeneza vibanio vinavyojibana chini ya misuko. Mgusano ukawa bora zaidi kuliko wa elektrodi za kawaida. Kwenye tafiti nyingi duniani watu wenye nywele kama zetu walikuwa wanaachwa nje kimya kimya, kwa sababu hiyo tu.

---

Salima_Suka:

Kumbe wenzetu wanaandikia makala. Sisi tunasuka tu.

---

MamaDaudi_Kibosho:

Mwanangu wa Korogwe, mimi si mtafiti. Mimi ni mama wa mtoto mwenye kifafa.

Daudi (si jina lake) alirekodiwa akiwa na miaka saba. Mahali sisemi. Kijana mpole sana, alimwimbia mtoto ili asilie. Alipomaliza nikamuuliza kama wewe ulivyoulizwa, akasema, "Iko safi mama." Nilikuwa na hamu ya hilo neno miaka mitatu. Nilimpigia baba yake simu nikiwa bado getini.

Dawa alikuwa anakunywa fenobabitoni kila usiku. Ilikuwa inamlaza darasani, mwalimu analalamika. Nikajiambia kama iko safi, ya nini kumlewesha mtoto? Nikaacha kumpa. Sikumuuliza mtu. Siku ya tano aliangukia jikoni, kwenye mafiga, mkono wa kulia. Na hakuamka upesi kama zamani, akawa anaanguka juu ya kuanguka mpaka tulipofika hospitali. Daktari akaniambia dawa hiyo haikatwi ghafla, ukiikata inarudi na hasira. Mkono ulipona ila vidole viwili havinyooki.

Yule kijana simlaumu. Lakini wewe umeuliza kama urudi. Huyo bibi anatumia dawa gani?

---

MkorogweMoshi:

Mama shikamoo. Nimesoma nikasimama. Pole sana kwa Daudi.

Nimefungua fomu yake sasa hivi. Fenobabitoni. Kesho namwona msimamizi.

---

Kibarua_Msomi:

Nafuta kauli ya kuku. Nenda mkuu. Nauli ikikukwama niambie pembeni.

---

Mchinjaji_Mstaafu:

Samahani naingilia. Kwa vile mnazungumzia kifafa, ni kweli kitimoto kinaleta minyoo kichwani? Mke wangu ameniwekea marufuku tangu Krismasi.

---

Daftari_la_Uwandani:

Mzee wangu, nusu kweli. Nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isiyoiva, inakupa tegu tumboni. Wa kichwani anatoka kwenye mayai ya tegu, na mayai yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu: mikono isiyonawa, mboga, maji. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kumpata, kama jirani au mpishi wake ana tegu na hanawi. Mwambie mama kitimoto kiive sana, kikaguliwe, na choo kiwe choo. Marufuku mtaimaliza wenyewe.

---

MkorogweMoshi:

Narudisha mrejesho kama nilivyowaahidi wachache walioniuliza pembeni.

Msimamizi hakukasirika kama nilivyoogopa. Alinyamaza kwanza, akafungua itifaki, na sehemu ya kurudisha matokeo ipo, ukurasa wa kumi na nne, inasema tabibu wa zahanati ndiye atakayempa mshiriki habari ndani ya siku 21. Hakuna aliyekuwa ametuambia wasaidizi. Akampigia daktari wa neva, faili la bibi likasomwa siku ile ile. Zile ncha za panja la kushoto ni msuli. Taya. Kuna sehemu ubongo unaenda polepole upande kiharusi kilipopita, jambo ambalo lilishajulikana. Dawa ziendelee.

Jumamosi nikapanda hadi Boma Ng'ombe, kisha Masama, na bodaboda mpaka kwa mhudumu wa afya. Mvua ilikuwa imenyesha, tukamalizia kwa miguu kati ya migomba. Sikuvaa koti.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Tuliposalimiana nikaona kopo la dawa juu ya kabati, nikamwomba mkamwana tuhesabu. Vilikuwa vimezidi vidonge vinne. Jumanne ile alikunywa, kesho yake akaacha. Mkamwana akasema, "Si mlisema yuko sawa?" Akasema bila ubaya wowote, kama anavyokukumbusha mtu bei mliyopatana.

Nikamweleza bibi. Mashine ilisikiliza nusu saa tu, mimi si wa kusoma, aliyesoma ni daktari na kasema hivi na hivi, dawa haziachwi. Kimachame kilipohitajika, mhudumu akasema. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Sasa ile siku mbona ulisema?"

Nikamwambia niliona haya kusema sijui.

Akacheka kidogo, akasema kitu ambacho mhudumu hakunitafsiria, wakacheka wote watatu. Tukampigia tabibu simu pale pale, akasema asianze mwenyewe, aletwe zahanati mchana ule amwone kwanza. Mkamwana akamvika bibi khanga ya pili, tukashuka naye taratibu. Njiani nikamfanya anieleze kwa maneno yake atakayomwambia mwanawe wa Dar akipiga simu. Mara ya kwanza alisema, "Nitamwambia taya langu lina umeme." Mara ya pili akapatia.

Tuna rekodi ya pili naye baada ya miezi mitatu. Mlangoni pa zahanati akanishika mkono, akauliza, "Na siku hiyo utanifumua tena?"

Dada Salima, mchoro nimekutumia.